Nilivyohesabu Mipira ya Nahodha

Nimefundisha michezo shule ya msingi miaka ishirini na sita, na sijawahi kuona watu wazima wanaojisifu kwa kutokwa jasho kama wale wa ligi ya mazoezi waliokuja Tukuyu mwaka jana. Kila timu ina wanaume wawili na wanawake wawili. Wanakimbia, wanaburuta magunia ya mchanga, wanakimbia tena, wanarusha mpira mzito ukutani, na timu inayomaliza mapema ndiyo inayoshinda. Wanalipwa, hilo ndilo walilotuambia kabla hata ya salamu.

Bibi mmoja aliyeleta ndizi kutoka Ikuti alisimama kando ya uwanja akaniuliza kwa lafudhi ya kwetu, "Mwalimu, hawa wanalipwa kwa kubeba misigo?"

"Ndiyo, mama."

Akajitwika mkungu wake, akaenda zake bila kuaga.

Siku ile nilikuwa mwamuzi wa ukutani. Mwanamume mmoja na mwanamke mmoja wa kila timu walitakiwa kurusha mipira sitini, wagawane wanavyotaka. Sheria ni moja: uchuchumae mpaka nyonga zishuke chini ya magoti, ndipo uinuke urushe. Usiposhuka, sihesabu. Watoto wa darasa la nne wangeielewa.

Manyunyu yalikuwa hayajakatika tangu asubuhi. Mtangazaji alipiga kelele kwenye kipaza sauti: "Wanaume wa chuma na warembo wao!" Mmoja wa hao warembo, dada mfupi mwenye mabega mapana, alikuwa ametoka kuburuta gunia ambalo nahodha wake aliliacha katikati ya tope akisema kiatu kimefunguka.

Nahodha mwenyewe alifika ukutani akifuatwa na mpiga picha. Akashika mpira, akainama kidogo kama mtu anayechungulia uvunguni, akarusha.

"Haihesabiwi," nikasema.

Akarusha tena vilevile.

"Haihesabiwi."

"Mzee, unajua mimi ni nani?"

"Najua. Ni mtu asiyeshuka."

Watu wa mtaa wa Makandana waliokuwa nyuma ya kamba wakaangua kicheko. Akajitahidi, akapata kumi na mmoja wa halali, kisha akaegemea ukuta akihema. Yule dada akamsogeza kwa kiwiko. "Toka, nipe." Akarusha arobaini na tisa, mmoja baada ya mwingine, huku nahodha akimpigia makofi pembeni: "Twende, dada, twende!" Utadhani ndiye aliyekuwa akimpa nguvu. Mpiga picha hakumgeukia dada hata mara moja.

Wakashinda. Kabla ya zawadi, mkubwa wa waamuzi, kijana aliyetoka mjini na koti lisilopitisha maji, akanijia na karatasi yangu.

"Mwalimu, hapa tuweke thelathini kwa thelathini. Inapendeza zaidi."

"Inampendeza nani?"

"Nahodha ndiye mchezaji bora. Wafadhili wameshapanga."

"Basi andika wewe. Mimi mkono wangu umeandika nilichokiona."

Akakata namba zangu kwa kalamu yake palepale, bila aibu, akapanda jukwaani. Nahodha akapokea kikombe, akasema ushindi ni wa timu nzima, akakiinua peke yake.

Wametangaza msimu mpya, na sijaitwa. Sikutegemea kuitwa, na wangeniita ningewaambia ninapalilia.

Jioni ile, wakati wanapakia vifaa, yule dada alinifuata nilipokuwa nakunja kamba.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Niambie ukweli. Alirusha mingapi?"

"Kumi na mmoja."

Akafikiri kidogo, akifuta tope shingoni. "Mimi nilihesabu tisa."

"Miwili ilikuwa ya mashaka. Nilimhurumia."

"Usiwe unamhurumia," akasema. Akabeba mikoba minne, wake na ya wenzake, akapanda siti ya nyuma ya gari lao. Nahodha alikuwa tayari mbele, karibu na dereva, kikombe mapajani.