Mzee Aliyepanda Kutoka Ardhini

Nyumbani kwetu Mhezi filamu za Biblia hutazamwa na Biblia ikiwa mapajani. Baba, aliyekuwa mwinjilisti, ndiye aliyeanzisha mtindo huo: yeye alishika rimoti, mimi nikatafuta aya. Likitokea tufaha la Edeni, anasimamisha. Kitabu kinasema tunda tu. Wakija mamajusi watatu, anasimamisha tena, nani aliwahesabu? Filamu ya saa mbili tuliimaliza kwa siku mbili, na wageni walituaga mapema. Ukorofi huo nimeurithi wote.

Sura moja tu aliiruka: ile ya mfalme wa kwanza wa Israeli anayemwendea mwanamke wa Endori ili ampandishie nabii aliyekufa. Zamani ukoo wetu ulitunza mafuvu ya wazee msituni, mahali panapoitwa mpungi, na shida zikizidi watu walikwenda kuzungumza nayo. "Ya kwetu yanatosha," baba alikuwa akisema, huku anapeleka filamu mbele.

Alipofariki tulimzika upande wa chini wa nyumba, karibu na migomba. Mwaka uliofuata mama akapata mtoto wa jicho macho yote mawili, mpaka runinga ikawa kwake mwanga unaochezacheza tu. Tulipangiwa upasuaji hospitali ya Same, siku ya Jumatatu. Jumapili, baada ya ibada, hofu ya kisu ilimshika hata akakataa chakula. Nikaweka filamu iliyotiwa sauti za Kiswahili ili mawazo yahame kidogo. Yeye alisikiliza, mimi nikamsimulia picha. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlima Shengena, na saa nane mchana sebule ilikuwa na kiza kama magharibi.

Tukafika Endori. Sikuruka. Hapo ndipo nilipotaka kuwakamata watengenezaji, maana katika Kitabu mwanamke peke yake ndiye anayemwona nabii. Mfalme anauliza tu. Wao wakamtoa nabii hadharani, kila mtu amwone.

"Unaona nini?" mama aliuliza.

"Mzee anapanda kutoka ardhini. Amejifunika joho."

"Yukoje?"

"Bega la kushoto limeshuka. Ameshika kiuno, kama aliyechoka kusimama."

"Baba yako huyo," mama akasema.

Nilicheka, lakini kicheko kilinikauka. Sura ile naijua kwa moyo: nabii atamwambia mfalme kwamba kesho yeye na wanawe watakuwa pamoja naye, yaani kwa wafu. Na kesho mama yangu alikuwa analala chini ya kisu. Mzee alipofumbua mdomo, nikazima sauti.

"Anasema nini?"

"Hasemi kitu, mama."

"Kitabuni anasema."

Asubuhi nilimkuta amekunja kanga mpya chini kabisa ya mkoba. "Za kunivalisha," alisema, kama mtu anayetaja mswaki. Tulishuka mlima kwenda Same. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku baba anazikwa.

Hakufa. Alipofunguliwa bandeji alinitazama kwa muda, akasema nimezeeka vibaya. Nililia mbele ya wauguzi bila aibu.

Wiki chache baadaye, Jumapili nyingine, aliomba aione filamu ile kwa macho yake. Safari hii aliishika rimoti mwenyewe. Pale Endori nabii akapanda: mtu mrefu, mabega sawa, mikono ameinyoosha mbele, amesimama wima kama nguzo. Mama akasimamisha. Nikaichukua rimoti, nikarudisha nyuma mara tatu. Hapakuwa na bega lililoshuka. Hapakuwa na aliyeshika kiuno. Na siku ile sikutunga. Nilimwambia mama nilichokiona.

"Siye huyu," mama alisema.

"Siye."

"Sasa wewe uliona nini?"

Biblia ilikuwa mapajani mwangu, imefunguliwa, na sikuwa na aya ya kumwonyesha. Mama hakukasirika. Aliitazama sakafu kati yetu na runinga, mahali pa kutosha mtu mmoja kusimama.

"Baba yako alipanda mpaka hapa na neno lake," alisema, "nawe ukamzimia sauti."

Nikaiachia filamu iendelee, nikaongeza sauti mpaka mwisho. Alikuwa yule mrefu tu, akimwambia mfalme habari za kesho.