Finjani ya kahawa yamtia msuluhishi tumbo joto

Saa mbili na nusu asubuhi, Mardhiya Nabhan anatandika mikeka miwili kando ya jabia la Kizingitini. Anaitazama, anaikunja, anaitandika upya. Mmoja ulikuwa umeelekea mtaa wa juu kuliko mtaa wa pwani, na watu wa huku hupima vitu kama hivyo.

Mikeka ameibeba mwenyewe kwa boti kutoka mjini Amu. "Nikiazima mkeka wa mtaa mmoja, wa mtaa wa pili watakuja kama wageni," anasema. "Na mgeni hadai haki yake. Hunyamaza, akarudi kwake na kinyongo."

Mardhiya, mwenye miaka arobaini na mitatu, ni mhamasishaji wa shirika dogo la maji. Hachimbi wala hajengi. Kazi yake ni kukaa na watu mpaka wapatane, ndipo mafundi waje. Mshahara wake ni shilingi elfu ishirini na mbili kwa mwezi, na anasema usingizi haumo humo.

Jabia ni birika kubwa lenye sakafu pana ya kukinga mvua. Hili lilijengwa na mababu wa mitaa yote miwili, nalo limepasuka. Mvua ya mwaka jana ilinyesha, ikapita kwenye nyufa, ikapotelea ardhini. Tangu Januari watu wananunua maji ya boti, shilingi hamsini kila dumu.

Saruji ya kuziba nyufa iko gatini Mokowe pamoja na mabomba, inasubiri. Haiji kwa sababu mitaa haijaafikiana mifereji ya kutekea maji ikae upande gani. Shirika limechoka: sahihi za mitaa yote miwili zipatikane leo kabla ya adhuhuri, la sivyo saruji itapelekwa kijiji kingine.

Saa tatu mkeka wa mtaa wa juu umejaa. Wa mtaa wa pwani hauna hata mtoto.

Mardhiya anajua sababu, na ndiyo iliyomkosesha raha siku nne hizi. Jumanne iliyopita alikaribishwa mtaa wa juu, akanywa kahawa na kula halua. Alhamisi akaenda mtaa wa pwani. Bi Alawiya, mama mtu mzima anayesikilizwa na mtaa mzima, akammiminia finjani kwa mkono wake. Mardhiya akasema, "Sinywi, ahsante," akaisogeza pembeni.

Alikuwa amefunga sunna. Hakutaka kuitangaza, asije akaonekana anajionyesha. Kufikia Ijumaa baada ya swala, habari ilikwishazunguka: ya juu kainywa, ya pwani kaikataa.

"Madam, tusubiri tu, watakuja," anasema Owen, fundi mkuu wa mradi, kijana wa bara.

"Hawa ukiwasubiri ndio hawaji, Owen. Wewe kaa na wazee. Usiongee habari ya mifereji. Waulize habari za watoto wao."

Anashuka upesi kwenye vichochoro, buibui limeshikwa mkononi, mpaka mlangoni kwa Bi Alawiya.

"Hodi!"

Anabisha tena.

"Hodi, Bi Alawiya!"

"Karibu. Ila leo sikupika kahawa."

Mardhiya anaketi chini, si kitini.

"Bi, nimekosa. Ile Alhamisi nilikuwa nimefunga."

Bi Alawiya, anayechambua mchele, anasita. "Umefunga?"

"Sunna. Niliona haya kusema."

"Basi ukaona afadhali mimi nione haya?" Anauweka ungo chini. "Mwanangu, dini haikukukataza kumwambia mwenyeji wako. Ningekufungia kahawa na tende ukafuturu ndiani. Badala yake nimeimwaga mbele ya wakwe zangu!"

"Nisamehe, Bi."

"Nimekusamehe tangu Jumamosi. Nilikuwa nakungoja uje tu. Na hao wa juu, washakaa?"

"Wamekaa."

"Wakae. Najitanda mtandio."

Bi Alawiya anapita nyumba kwa nyumba akigonga milango kwa kiganja. Saa nne na robo mkeka wa pili unajaa.

"Ahlan, Bi Alawiya!" anaita Bwana Fahmi, mchuuzi wa kamba wa baharini na msemaji wa mtaa wa juu. "Tulidhani mmehamia Mombasa."

"Tuhame tuwaachie nyinyi mai? Thubutu!"

Wanacheka, lakini kicheko hakikai. Bwana Fahmi anasema nyumba za juu ni nyingi, mifereji iwe juu. Bi Alawiya anasema pwani ndiko kuliko na wajane na vikongwe. Nani atawapandishia ndoo? Sauti zinapanda. Mtu anataja ugomvi wa mashua wa mwaka gani sijui. Bwana Fahmi anasimama, anavaa viatu.

Mardhiya anatazama saa: tano na dakika tano.

"Bwana Fahmi, swali moja, kisha uende kwa salama. Kuna mtu hapa hataki nyufa zizibwe?"

Vichwa vinatikiswa kwenye mikeka yote miwili.

"Basi tuandike hilo peke yake. Mifereji tutaizungumza masika yakipita. Mpaka hapo kila mtu ateke kwa ndoo pale pale alipoteka bibi yake."

"Na mafundi wakiweka mifereji kisirisiri?" anauliza Bwana Fahmi, kiatu kimoja mguuni.

"Mabomba yabaki Mokowe," Bi Alawiya anamjibu. "Ije saruji tu."

Bwana Fahmi anafikiri kidogo, kisha anavua kiatu.

Sasa ni zamu ya shirika kukubali. Owen anapanda ukuta wa jabia kutafuta mtandao. Simu inakatika mara tatu. Chini, Mardhiya anahesabu tasbihi kwa vidole. Saa sita kasoro dakika ishirini Owen anageuka na kuinua dole gumba.

Upepo unainua karatasi. Bi Alawiya anajaribu kutia sahihi, inamponyoka. Bwana Fahmi anachutama bila kuombwa, anaishika karatasi kwa viganja viwili mpaka amalize herufi ya mwisho.

"Boti yangu italeta saruji," anasema, kama mtu anayezungumzia jambo dogo.

"Na vijana wetu watashusha," anajibu Bi Alawiya.

Mardhiya bado hajatulia. Mifereji ingali mbele yake, na anajua maneno yatarudi. Mpango wake ni kupata mwanamke mmoja kutoka kila mtaa, awafundishe kuendesha vikao. "Wakikosana wasingoje boti ya Amu. Wawe na watu wao."

Owen anaeleza kwamba sakafu ikizibwa inataka siku kumi bila mvua kubwa. Wote wanatazama juu. Kusini kuna wingu moja zito.

"Haya, dua," anasema Bwana Fahmi. "Sasa tuombe mvua au tuombe isije?"

Wanaangua kicheko, kisha wanamgeukia Mardhiya. Wamenunua maji miezi mitatu, na hakuna kati yao anayejua la kuomba.

"Ombeni ije," anasema, macho yake yakiwa bado kwenye wingu. "Ila itupe siku kumi."

Mikono inainuliwa.