Boti Iliyokatazwa Maji

Mimi hasira zangu ziko karibu, kila muntu Kalemie anazijua. Lakini siku ile katika biro ya hospitali sikuweza kumufokea muntu yeyote. Nilikaa tu kwenye kiti, mikono juu ya magoti, kinywa wazi.

Mume wangu alikuwa fundi wa boti. Miaka ile ya kwanza ya Uhuru, hospitali ya serikali ya hapa mjini ilimuomba boti ya mbao ya kuchukulia wagonjwa katika vijiji vya kando ya ziwa. Mota watatoa wao. Akaanza kazi hata kabla ya kusaini, kwa sababu dada yake, wifi yangu, alikuwa na mimba katika kijiji cha njia ya Kabimba, na mimba mbili za kwanza zilikwisha kuharibika. Daktari alisema huyu wa tatu azaliwe hospitalini. Barabara zilikuwa na askari, na mama mukwe wake hakutaka atoke nyumbani kabla ya mwezi wake kufika. "Wewe ndiye utapanda wa kwanza," mume wangu akamuambia. Mwezi wake ulikuwa wa kumi. Boti ilikwisha mwezi wa tano. Tukaona tuko na wakati wa kumwaga.

Basi karatasi zikaanza safari yao. Biro ya manunuzi ikataka bei za mafundi watatu, na boti kama ile hakuna mwingine aliyeijua mjini. Mume wangu mwenyewe akaenda kuwabembeleza mafundi wawili wa vitanda waandike bei ya boti ambayo hawangeweza kuitengeneza. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kisha serikali ikabadilika, muhuri nao ukabadilika, kila kitu kikapigwa mashini upya. Kisha faili ikapelekwa kwa muntu wa sheria, ikakaa. Kila Jumatatu mume wangu alivaa koti, akaenda kusalimia. Karani akamujibu, "Bado kidogo, Papa, iko kwa mukubwa." Na yeye, kwa heshima zake, akashukuru na kurudi. Heshima hizo zilikuwa zinanichoma roho.

Boti ikabaki kwenye mawe nyuma ya nyumba, mota ya hospitali imekwisha kufungwa juu yake. Kwetu, boti mpya inaingizwa majini na mwenye kuinunua. Fundi akiiingiza yeye, imekuwa yake, na mununuzi ana haki ya kuikataa. Kwa hiyo hatukuigusisha ziwa. Mbao zisipasuke kwa jua, niliifunika magunia, nikayamwagia maji asubuhi na mangaribi, miezi mine. Mugongo wangu unaukumbuka.

Uchungu ukamukamata wifi mwezi wa tisa, mapema. Jirani yake akafika kwetu asubuhi kwa mutumbwi, anatweta: tangu jana mutoto hatoki. Nikamuambia mume wangu, sukuma boti. Akaweka mikono miwili juu ya mbao, akasimama hivyo. Kisha akaondoa mikono. "Karani amesema watasaini wiki hii," akaniambia. "Nikiiingiza leo, tumepoteza vyote." Nilimutukana siku ile maneno ambayo mpaka leo sijayaomba musamaha. Akakimbia kukodi mutumbwi na wapiga kasia wane, akamufuata dada yake kwa mikono.

Walifika hospitalini jua linazama. Wifi alikuwa hai. Mutoto, hapana.

Jumatatu iliyofuata tukaitwa bironi sote wawili. Muntu wa sheria alikuwa kijana mupole, akatukaribisha kwenye viti. Akafungua faili, akasema, "Papa, vyote viko. Inakosa karatasi moja, ya majaribio. Tangu mwezi wa sita tunangoja mutuambie siku mutaiingiza majini."

Mume wangu akauliza polepole, "Niiingize mimi?"

"Ndiyo masharti, Papa. Fundi anaijaribu kwanza, sisi tunaangalia kama inavuja. Hatuwezi kununua boti ambayo haijaelea."

"Hamukutuambia."

"Hamukuuliza. Na hiki ni kitu kila muntu anajua."

Kila muntu. Nikamuangalia mume wangu: alikuwa anaangalia viganja vyake.

Tuliiingiza Alhamisi. Haikuvuja hata tone. Wakasaini palepale, juu ya goti.

Wiki mbili baadaye hospitali ikamuruhusu wifi. Tukamusindikiza mpaka ufukoni, na boti ilikuwa pale, inaelekea kwao. Dereva akamunyooshea mukono, "Mama, panda." Wifi hakupanda. Akamugeukia kaka yake, akamuuliza kwa sauti ya chini, bila hasira, "Leo inaruhusiwa?"

Wifi akakaza kitenge chake, akapanda, akakaa kule mbele, akatugeuzia mugongo.