Maua ya Kona ya Juu

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu kule Rangwi, sikujua kitu kizuri kuliko wigo wetu baada ya masika. Alizeti mwitu zilichanua njano tupu, na juu yake yakatambaa maua ya zambarau ambayo hakuna aliyeyapanda. Nilipamba nayo meza, dirisha, hata pembe za mbuzi.

Bibi, mama yake baba, alinikataza sehemu moja tu: kona ya juu, karibu na migomba, ambako yalisongamana kuliko kwingine.

"Ya pale hayaingii ndani," alisema. "Ukiyaingiza, nyumba italia."

Nikamwuliza nyumba hulia vipi. Akanituma maji.

Jumapili moja padre alikuwa anakuja kutubarikia nyumba. Maua ya chini nilikwisha kuyamaliza. Nikapanda kona ya juu, nikachuma fungu zima, nikayapanga katika jagi mezani. Yalipendeza mno.

Mama akaingia na sinia la vikombe. Akasimama.

"Umeyachuma wapi haya?"

"Kona ya juu, mama."

Sinia likamponyoka. Akaanguka chini akalia kilio cha msiba, hata majirani wakaja mbio. Niliamini nimeua mtu.

"Bibi, nani amekufa?"

Bibi alikuwa akiyakusanya maua katika kanga yake, moja moja.

"Ndugu yako," akasema. "Mlizaliwa wawili. Mwenzako alitoka kimya. Tulimzika pale siku ileile, na mama yako hajawahi kumtaja."

Miaka tisa nilikuwa pacha, na sikujua.

Bibi hayupo tena. Zamani nilidhani alijua siri ya mizimu. Sasa nami nimezaa, na naona alikuwa akimlinda mkwewe tu. Alijua mtoto husikia hofu upesi kuliko huzuni. Simlaumu, ingawa nadhani kimya kile kilidumu mno.

Maana jioni ile, padre alipokwisha kuondoka, mama alinishika mkono tukapanda pamoja mpaka migombani. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Alikuwa na nywele nyingi kukushinda," akaniambia. "Nilitaka aitwe Petro."

Tangu siku ile tunamtaja. Watu wakiniuliza kwetu tumezaliwa wangapi, nawajibu watano, na Petro yumo.