Ndoo ya Pili

Baba mkwe alipitisha treni katika stesheni ya Kamina maisha yake yote, na akili ilipoanza kumpotea, reli ndiyo iliyobaki. Treni ya Bukama ikipiga filimbi, yeye anavaa kofia na kutoka mbio, na mimi nyuma yake, mikono bado ina unga wa bukari, ugali wetu. Aliwafokea mbuzi wa jirani watoke njiani. Siku njema nilicheka. Siku nyingine nilimchukia, tena sana.

Mume wangu naye alikuwa mtu wa treni, akiondoka harudi upesi. Basi nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mzee aliyeniuliza kila asubuhi mimi ni mtoto wa nani.

Kwetu Waluba, mke wa mtoto na baba mkwe wanaoneana haya. Simpi mkono, sili mbele yake, sembuse kumwona uchi. Kumwogesha ilikuwa kazi ya jirani yetu, mzee aliyefanya naye kazi stesheni. Mimi nilipasha maji na kuyaweka mlangoni.

Kina mama wa kanisa walikuja kila Alhamisi. Walimsalimia mgonjwa, wakamwombea, wakamwekea ndizi mapajani, kisha wakaniomba mimi maji ya kunywa. "Mungu amukumbuke muzee wetu," walisema wakiaga. Mzee, mzee! Nilikuwa nimekonda mpaka kitenge kinanidondoka, na hakuna aliyeona. Nilikwisha kuamua: mume akirudi tu, namkabidhi baba yake, napanda treni kwenda kwa mama yangu Luena, wala sirudi.

Siku moja jirani alikwenda kwenye kilio Kabondo-Dianda. Mzee akajichafua, akabaki vile vile kwenye kiti chake, analia kwa aibu. Nami nimesimama uani na ndoo, kuingia siwezi, kuondoka siwezi. Nikaketi chini nikalia kwa sauti.

Ndipo akafika mke wa askari mmoja wa kambini, mtu wa jimbo la Ekwateri, si Mluba, aliyekuwa akipita mitaani kuuza mikate. Alitua beseni lake.

"Mama, weye uko na nini?"

"Siwezi kumunawisha. Iko bamukwe yangu."

"Minyi hapana mukwe yake. Leta sabuni."

Akaingia. Nilimsikia akimchekesha mzee, akimwambia treni imechelewa, wana muda wa kuoga. Alipotoka, akabandika ndoo nyingine kwenye makaa yangu. Nikadhani anataka kufua nguo za mzee zilizochafuka.

"Hii ni ya weye. Enda ukoge, usifanye haraka. Minyi nabakia naye."

Niliingia bafuni nikajimwagia maji ya moto mpaka yakaisha. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilikuwa nimeoga bila kutega sikio. Nililia tena, safari hii kwa raha.

Tangu hapo alikuwa akipita kila anapomaliza mikate. Ananiuliza kwanza mimi nimelalaje, halafu ndipo anamsalimia mzee.

Mume wangu aliporudi sikupanda treni; nilikaa na baba mkwe mpaka alipofariki. Kilioni watu walinisifu, wakasema mkamwana huyu ana moyo. Niliwaacha waseme. Yule mama alikuwa ameketi nami kwenye mkeka, mguu wake umegusa wangu, na nilijua vizuri kwamba bila yeye ningekuwa Luena, na mzee angekufa peke yake kwenye kile kiti.