Kabla Macho ya Watu Hayajafika

Wiki iliyopita nilianguka, rafiki yangu. Nilianguka mchana kweupe, kwenye maegesho ya magari ya yale majumba ya matofali mekundu kule Landover, Marekani, nilikokulia. Nilikuwa nimempeleka binti yangu kumwonyesha dirisha la jikoni la bibi. Hakukuwa na barafu, wala hakuna aliyenisukuma. Goti la kushoto liliamua tu kuwa limechoka, na mimi huyo, chini, shavu juu ya lami, ufunguo wa gari umeruka kule. Mtu mzima, baba wa watu, niliyelipwa misimu kadhaa ili niangushwe na kuinuka.

Nikajaribu kuinuka upesi kama nilivyofundishwa. Mwili ukagoma. Nikasikia milango ya magari ikifunguka, nikasikia viatu vinakuja. Na pale pale chini, kabla mtu hajanifikia, ikanijia harufu ya iliki. Hiyo ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Bibi yetu alikuwa mtu wa Tanga. Baba alimleta atulee, maana yeye alishinda akiendesha teksi kule Arlington, na mama alikuwa akienda kwenye nyumba za watu kuogesha na kulisha wazee wao. Kwa hiyo utoto wangu wote ninaoukumbuka uko jikoni kwa bibi. Asubuhi bomba la kupashia nyumba joto lilikuwa likigonga ukutani kama mtu anayedai kufunguliwa, sufuria ya mbaazi inatokota, mahamri ya iliki yanafura mafutani. Tui lilikuwa la kopo. Bibi alilitukana kila siku na kulipikia kila siku. "Hili ni maji ya kuoshea nazi," alikuwa akisema, na bado tulilamba sahani.

Kazi yangu ilikuwa kukanda na kusukuma. Unga ukimwagika mezani, bibi aliusambaza kwa kiganja, akanishika kidole na kuandika nacho: ba, be, bi. Nikikosea anafuta, tunaanza upya. Kusoma kwangu kote kulitoka pale kwenye unga. Ndiyo maana nakuandikia kwa Kiswahili. Kiingereza cha vitabu sina, na waliosababisha nisiwe nacho nitakutajia.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Siku moja ya baridi kali, nikiwa mtoto wa darasa la nne hivi, tulikuwa tunatoka dukani, bibi na mifuko mikono yote miwili, kanga kaifunga juu ya koti. Maji yalikuwa yameganda pale maegeshoni. Bibi akateleza. Miguu ilikwenda mbele, yeye akabaki nyuma, akatua kwa mkono wa kushoto, na ndimu zikabingirika chini ya magari. Vijana waliokaa kwenye ngazi wakaanza kucheka. Jirani yetu wa chini, mama mmoja Mkongo, akafungua dirisha.

"Mama! Ulianguka mubaya!"

Lakini bibi alikwishasimama. Naapa, alisimama kabla kicheko cha wale vijana hakijaisha. Akajipangusa, akasema kwa sauti ya kusikika, "Nani kaanguka? Nilipiga magoti kuokota ndimu."

Tulipofika ndani aliketi kitini, uso umembadilika rangi. Akaniambia, "Ukianguka, mjukuu wangu, inuka kabla macho ya watu hayajafika. Aliyesimama hachekwi." Baridi ile yote alikanda kwa mkono mmoja. Ule wa kushoto eti umepumzika. Ulipomaliza kupumzika ulikuwa umepinda kama mpini wa kata, na mimi nilijivunia ule mkono. Niliwasimulia wenzangu: bibi yangu haanguki.

Nyuma ya maghala kulikuwa na uwanja wa nyasi chache na matope mengi, na huko ndiko nilikojifunza mpira wa Kimarekani. Huo si mpira wa miguu unaoujua wewe. Mpira wenyewe una umbo la papai changa, na mimi kazi yangu ilikuwa kuwekewa papai hilo tumboni, nilikumbatie, nikimbie nalo moja kwa moja kwenye ukuta wa watu wanaotaka kunivunja. Mbeba mpira huangushwa karibu kila mara. Hilo halina ujanja. Mimi nilichokuwa nacho wenzangu hawana ni kuinuka. Nilikuwa nimeshasimama wakati aliyeniangusha bado anatafuta mikono yake.

Kocha wa shule alikipenda hicho kuliko mbio zangu. "Mnamwona huyu?" aliwaambia wenzangu. "Huyu hana mifupa. Ukimtupa chini anadunda." Siku niliyochelewa kidogo kuinuka, sikio moja likilia kama birika, baba alipiga kelele kutoka pembeni, kwa Kiswahili ili wengine wasijue: "Umelala? Kitanda kiko nyumbani!" Bibi naye alikuwapo, kanga juu ya koti, chupa ya chai mapajani. Hakuelewa lolote kuhusu mchezo ule. Alingoja jambo moja tu, nianguke niinuke, kisha anatikisa kichwa kwa kuridhika na kujimiminia chai.

Nyumbani alinichua kwa mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu. Aliuliza, "Inauma?" Nikasema haiumi. Akasema, "Mwanamume." Basi, yakaisha.

Darasani nilikaa nyuma. Mwalimu wa Kiingereza alinipa alama nzuri kwa insha ambayo sikuiandika, wala hakuna mwingine aliyeiandika. Alikuwa na tiketi ya mechi kila Ijumaa, kiti cha mbele. Chuo kikanichukua, kikanilisha, kikanipima kama ng'ombe wa mnada, na nilipoondoka sikuwa nimemaliza hata kitabu kimoja. Timu ya kulipwa ya jimbo la mbali ikanichagua. Mtaa mzima ulikuja kwetu kula pilau. Baba alizunguka na picha yangu kwenye teksi, abiria akipanda tu anaelezwa.

Nikueleze ilivyo kupigwa kichwa. Dunia inakuwa nyeupe, kimya, kama umetumbukizwa kwenye ule unga wa bibi. Mwenye akili angelala pale mpaka rangi zirudi. Mimi niliinuka ndani ya weupe huo huo. Daktari wa timu alishughulika na waliolala. Aliyesimama alikuwa mzima. Akinipitia aliuliza, "Uko sawa?" huku anaangalia uwanja. Lile swali lilikuwa na jibu moja, na yeye alilijua kabla yangu.

Msimu wangu wa mwisho, timu yetu ikaja kucheza kwenye uwanja mkubwa wa Landover, mwendo mfupi kutoka jikoni kwa bibi. Walikuja wote: baba, mama, mama Mkongo na wanawe, na bibi na chupa yake. Kipindi cha pili nikapewa mpira, nikakutana na jitu moja kifua kwa kichwa. Weupe. Nikainuka, upesi, kama kawaida, nikakimbia kwenda kuketi kwenye benchi, nikanyoosha mkono kuomba maji.

Ilikuwa benchi ya wapinzani.

Nilikaa pale, jezi yangu rangi moja na zao rangi nyingine, nikiona kila kitu kiko sawasawa. Mchezaji wao mmoja, Mungu amlipe, aliinama akaniambia taratibu, "Kaka, kwenu kule." Halafu nikasikia kicheko. Uwanja mzima, rafiki yangu, watu wa nyumbani kwetu. Mmoja akapaza sauti, "Karibu nyumbani, mtoto wa Landover!" na wengine wakaidaka. Nikavuka uwanja kurudi kwetu huku nikichekwa njia nzima. Daktari akaninusisha kitu kikali kama amonia. Kocha mkuu akaniuliza kama niko sawa, na nikarudishwa kucheza. Kilichofuata sikikumbuki. Niliambiwa nilikimbia vizuri.

Televisheni zilikionyesha kile kikao changu wiki nzima. Kabla msimu haujaisha timu ikaniacha, nikarudi Landover na mabegi yangu. Jikoni nilimkuta mama Mkongo anachambua mchicha na bibi. "Ee! Njo huyu mutoto alisahau kwao?" Baba alicheka mpaka akashika mlango. Na mimi nikacheka, ungefanyaje?

Bibi hakucheka. Walipotoka, aliuweka ule mkono uliopinda juu ya meza yenye unga.

"Unauona? Siku ile ya barafu ulivunjika. Usiku nililia mpaka kanga ikalowa."

"Mbona hukusema?"

"Nilikupa neno la njiani," akasema. "La nyumbani sikukupa. Njiani mtu anainuka. Nyumbani analala, analia, anaitiwa daktari. Nilidhani hilo mtu analijua mwenyewe."

Niliinuka nikatoka. Kuinuka ndiyo kazi pekee niliyoijua.

Tangu hapo miaka imekwenda. Mwanga wa jua unanichoma kichwa, maneno yananipotea mdomoni, na magoti umeyasikia. Lakini mimi ni katika waliosalimika. Mwenzangu aliyekuwa akinifungulia njia uwanjani, jabali la mtu, hajui tena jina la mkewe. Kwa hiyo watajwe. Kocha wa shule, aliyeniona nikitapika nyuma ya basi na kunipa gamu nitafune. Mwalimu wa Kiingereza na tiketi yake. Daktari, yeye kuliko wote, maana yeye alisomea. Kocha mkuu. Na baba yangu, Mungu amrehemu, naye simwachi. Hawa walikuwa wanaona, na kuona kwao ndiko kulikowapa ulaji au sifa.

Na bibi? Nimejaribu kumtaja pamoja nao, ulimi unakataa. Neno lilikuwa lake, ni kweli. Ila yeye alilipa kwanza kwa mkono wake mwenyewe, kimya, akiendelea kutupikia mahamri. Alifariki mimi nikiwa bado namkasirikia. Nikilikumbuka hilo uso unaniwaka, hata nikiwa peke yangu chumbani.

Basi turudi pale lamini. Viatu vinakuja. Mwanamume mmoja amekwishatoa simu. Nikamsikia anamwambia mwenzake, "Huyu si yule aliyekaa benchi ya wapinzani?" Miaka yote hiyo! Nikamshika binti yangu mkono. "Niinue upesi, watu wanakuja."

Binti yangu Kiswahili anakielewa, kukisema hasemi. Aliwaangalia wale watu, akaniangalia mimi. Kisha akaketi. Aliketi pale pale juu ya lami na suruali yake safi, akakunja miguu, akakiinua kichwa changu akakilaza mapajani mwake. Akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba hatuna haraka, waache waje.

Kutoka pale nililiona dirisha la bibi. Lina pazia la watu wengine sasa, na kioo kikavu, hakina mvuke. Uwanja wa matope umejengwa ghala. Ngazi walizokaa vijana zimewekewa uzio. Hakuna anayekaanga kitu kwenye jumba lile saa ile ya mchana, na anayejua kuliandika jina langu kwenye unga hayupo tena. Meza ambayo ningeweza kulia juu yake ilikuwapo miaka yote ile, hatua chache kutoka pale nilipolala, na mimi niliipita mbio nikiwa nimesimama wima.

Macho yakafika. Yalitukuta wawili, tumejikalia chini kama watu waliokwisha kufika nyumbani, na mmoja wetu, mtu mzima, analia.