Fundi Aliyekagua Kila Kitu

Asubuhi ya kuhamishia kompyuta pepe za ofisi yetu kwenye wingu, yaani seva za kukodi mtandaoni, fundi alinisalimu kwa kituo: nyumbani, wazee, watoto, mpaka jirani. Hapa Mji wa Kale, mtu akishakujulia hali hivyo, kumhoji ni utovu wa adabu. Adabu hiyo imeshatuponza siku za nyuma, kwa hiyo nikamhoji. Draiva, zile programu za kuziunganisha kompyuta, zinakubaliana na toleo la wingu?

“Tayari, sheikh.”

Mtandao umepimwa?

“Tayari.”

Ruhusa za kuingilia je?

“Ondoa shaka.”

Na mkoba wa kompyuta yake bado umefungwa zipu!

Nikamuuliza kwa upole kama ameikagua na ile seva ya ghorofani.

“Hiyo ndiyo niliyoanza nayo, sheikh.”

Nikamwagizia kahawa, anywe aende zake. Jengo letu halina ghorofa.